Akidi ya Bomba la Mnazi Mmoja

Mwezi wa Februari, mwaka wa hamsini na sita, wakazi wote wa Dar es Salaam, hasa wale wa Kariakoo wenye tabia ya kuona kiu, walitangaziwa rasmi kwamba tatizo la maji limekwisha. Maji yenyewe yalikuwa hayajafika. Kilichofika ni Baraza.

Jina lake lilikuwa Baraza la Kitaalamu la Uchunguzi na Uongozi wa Maji katika Afrika ya Mashariki. Fundi wa kibao aliishiwa ukuta akiwa kwenye "Afrika," ikabidi "Mashariki" aipinde kwenye kona, na mtu akitaka kumaliza kusoma sharti aingie uchochoroni. Ofisi ilikuwa Mchafukoge, ghorofani kwa Bwana Devendra, muuza vitambaa, ambaye huko chini aliendelea kupima marikani kama mtu asiyejua kwamba juu ya kichwa chake panaongozwa mito na maziwa yote, kuanzia Uganda mpaka Unguja.

Karani wa Baraza alikuwa Isidori, Mchaga wa Kibosho, kijana safi, kaptura yake ya kaki ina mstari wa pasi unaoweza kukata mkate. Isidori aliliamini Baraza kama alivyoiamini Misa ya kwanza. Kule kwao mlimani babu yake alikuwa mzee wa mfongo, ule mfereji wa kushusha maji migombani. Ndiye aliyejua leo maji ni ya nani na kesho ni ya nani, na asiyetokea siku ya kuufagia mfereji hapati tone. Siku moja Isidori alijisahau akamsimulia bosi wake habari hizo.

"Hiyo ni mila, Isidori," akajibiwa kwa upole. "Sisi tunashughulika na maarifa."

Bosi huyo ni Daktari Ogilby, Mkurugenzi. Si daktari wa kutibu, hapana, wa kujua. Alikuwa ameandika vitabu vitatu juu ya maji, na cha nne juu ya vile vitatu. Alishaongoza maji ya nchi nne, na nchi hizo zote bado zipo, ila kavu kidogo. Ndoo hajawahi kuibeba, jambo lililomwezesha kulitazama suala zima bila upendeleo.

Uchunguzi wa kwanza ulifanyika kwenye bomba la Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Daktari alifika saa moja asubuhi, helmeti kichwani, akasimama akatazama. Alichokiona kilimshtua. Madebe arobaini na matatu yamejipanga foleni, moja nyuma ya jingine, kimya, na watu hakuna.

Sasa, mtoto yeyote wa Kariakoo angemwambia. Debe ndilo linalopanga foleni. Mwenyewe yuko nyumbani anakoka moto, anaogesha mtoto, anagombana na mumewe, na zamu yake iko pale pale. Ila debe lazima liwe na alama: jiwe, kipande cha kanga, kigae cha sahani, lolote, mradi wenzake walijue. Debe lisilo na alama halina mwenyewe, linasukumwa pembeni, na wala hakuna ugomvi. Mlinzi wa utaratibu huo alikuwa Bi Sitara, mama mtu mzima mwenye meza ya chai ya tangawizi na vitumbua pale pale ubavuni mwa bomba. Zamu ikifika anapaza sauti, "Jiwe jeupe! Jiwe jeupe, debe lako linaita!" na mwenye jiwe jeupe anakuja mbio. Kwa kazi hiyo anateka debe la kwanza alfajiri bila kupanga, na debe hilo ndilo chai yake. Bomba likifa, na meza imekufa.

Daktari hakumuuliza mtoto yeyote. Alimwita Mwinyimvua.

Mwinyimvua alikuwa mhesabuji wa Baraza, Mzaramo mwenye kanzu na kalamu ya risasi sikioni, na alipewa maagizo matatu. Kila saa ahesabu vyombo. Ahesabu watu wanaoteka. Ahesabu watu waliosimama au kukaa bombani bila kuteka, hao aandike majina, kazi na kwao wapi. Zaidi ya hapo asifikiri, maana kufikiri kuna ofisi yake.

"Hewala, Bwana," alisema Mwinyimvua, na hakufikiri tena mpaka mwisho wa hadithi hii.

Baada ya siku tisa Daktari akafikia matokeo, na Isidori akayapiga taipu kwa nakala sita. Kwanza, debe si mtu na haliwezi kumwakilisha mtu. Pili, kwa kuwa mbele ya bomba pana madebe na hapana watu, basi watu hawana haja kubwa ya maji, na bomba lafaa lifungwe. Tatu, wale wachache wanaoonekana bombani siku zote bila kuteka ni wazembe wa mjini, na kwa faida yao wenyewe warudishwe makwao. Orodha iliambatanishwa. Jina la kwanza lilikuwa la Bi Sitara.

Kidole cha Isidori kiligoma juu ya herufi S.

"Bwana, huyu mama amezaliwa hapo hapo. Mwinyimvua alipomuuliza kwao wapi, alimwonyesha mlango. Ni hatua tatu kutoka bombani."

"Kariakoo ni mahali pa kufanyia kazi, Isidori. Hapawezi kuwa kwao mtu. Baba yake alitoka wapi?"

"Nadhani Kisarawe."

"Basi Kisarawe."

Jioni ile Isidori alikwenda kunywa chai kwa Bi Sitara.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, karani. Mbona uso kama umemeza muhuri?"

Akamweleza yote. Bi Sitara alikisugua kikombe mpaka kikakaribia kutoboka.

"Kisarawe," akasema. "Na huko nitamjua nani, mihogo?"

"Bado hayajapitishwa, Bibi. Mpaka Baraza zima likutane Jumatano ijayo. Wanakuja wajumbe wa Nairobi, Entebbe na Unguja."

"Kumbe wanakuja na wengine? Mimi nilidhani ujinga huu ni wa hapa hapa, kumbe wa eneo zima!" Akammiminia chai ya pili. "Na huyo bwana wako, akiona kiu hufanya nini?"

"Hugonga kengele, Bibi."

"Haya. Mwambie aishike vizuri hiyo kengele."

Jumatano ilifika na joto lake, lile la Februari linalomfanya hata mbuzi kuhema mdomo wazi. Saa mbili asubuhi wajumbe sita, wazungu wote, wawili wa kila nchi, walipelekwa Mtaa wa Sikukuu kushuhudia mwanzo wa Jaribio. Bomba lingefungwa siku kumi na nne, na ikiwa hakuna atakayelalamika, itathibitika kwamba hakuna aliyelihitaji. Malalamiko yalikaribishwa kwa moyo mkunjufu, mradi yaandikwe kwa Kiingereza, nakala tatu, na yaletwe ghorofani Mchafukoge kati ya saa nane na saa nane na nusu.

Fundi akafunga koki kubwa. Ufunguo ukatiwa katika bahasha, bahasha ikapigwa lakiri, na Daktari akasoma kanuni: ili kuulinda uchunguzi dhidi ya huruma, bahasha haitafunguliwa na mtu yeyote, hata Mkurugenzi, ila kwa kura ya Baraza zima, akidi yake watu saba. Kisha akaeleza kwamba kule Mnazi Mmoja kinasimamishwa kibao cha kanuni mpya ya zamu, ya kupitishwa kwa nchi zote. Wajumbe wakapiga makofi. Akina mama wakainua madebe yao, Bi Sitara akajitwika meza yake, wote wakashika njia ya Mnazi Mmoja kwenye bomba jingine.

Lile bomba la Mtaa wa Sikukuu limeunganishwa na nini, hakuna aliyeuliza. Hilo lilikuwa swali la fundi, na Baraza lilikuwa la wataalamu.

Saa nne kasoro wajumbe waliketi mezani Mchafukoge. Bi Jyotsna, mke wa Bwana Devendra, kwa heshima ya wageni wa mbali, alipandisha sinia tatu za bhajia, na hakuzifanyia ubahili wa pilipili. Bwana mmoja wa Entebbe, mtu mnene mwenye masharubu, alikula kumi na moja akaomba maji. Daktari akagonga kengele. Isidori akafungua bomba la ofisi. Bomba likakohoa, likatema vumbi la kutu, likanyamaza.

Alijaribu la chooni. Nalo kimya. Ndipo Isidori alipoelewa, akarudi mezani mbio.

"Bwana," alimnong'oneza Daktari, "nadhani tuko kwenye bomba lile lile."

"Lipi?"

"Lile tulilolifunga."

Daktari alifikiri kidogo. "Hilo," akasema, "litakuwa la kuvutia sana kwenye ripoti."

Bwana Devendra, mtu mwungwana, alileta kreti mbili za soda kutoka dukani kwa jirani. Zikaisha. Soda ilimaliza shida ya kinywa. Ya choo haikuimaliza, iliichochea. Kufika saa tano bwana wa Entebbe alikuwa ameingia choo cha ghorofani mara mbili, na mnyororo wa kuvutia maji ulikuwa unavutwa kwa hasira na kujibu kwa mlio mkavu. Mjumbe wa Unguja akasogeza kiti chake dirishani. Mwenzake akasogea naye. Wa Nairobi akatoa hoja kwamba Baraza haliwezi kuendelea kukaa katika hewa hii, hoja ikaungwa mkono na pua zote.

"Basi tupige kura tufungue bahasha," alisema bwana wa Entebbe, jasho likimtiririka.

"Kura haipigwi mpaka ajenda ya saba," alisema Daktari. "Sasa tuko ya pili. Isidori, chukua debe, nenda Mnazi Mmoja."

Isidori alipofika alikuta madebe sitini na moja. Mtaa mzima wa Sikukuu ulikuwa umehamia pale, juu ya wenyeji. Karibu na bomba palisimama kibao kipya chenye rangi ambayo haijakauka sawasawa: HAKUNA RUHUSA KUTEKA KABLA YA ZAMU. KILA CHOMBO KITAFUATA KILICHOTANGULIA. KWA AMRI YA J. P. OGILBY, MKURUGENZI. Chini yake askari, rungu mkononi.

Isidori akaliweka debe la ofisi mbele. Mama mmoja akalisukuma kwa mguu mpaka kando ya mtaro.

"Hilo la nani? Halina alama."

"La Serikali, mama."

"Serikali ina jiwe la rangi gani?"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Bi Sitara, aliyekwisha weka meza yake ubavuni kama aliyezaliwa pale, alimtazama Isidori kwa macho ya upole kabisa. "Karani, sheria ni sheria. Kamwite mwenye debe aje aweke alama yake."

Daktari alikuja mwenyewe. Wajumbe wote sita walikuja naye. Kwa maandishi ilikuwa ziara ya uchunguzi nje ya ofisi, kwa kweli kule ghorofani palikuwa hapakaliki. Aliliendea bomba moja kwa moja. Askari akamsaluti, kisha akamwekea rungu kifuani, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa kanisa.

"Samahani, Bwana Mkubwa. Amri."

"Amri ya nani?"

Askari akaelekeza kwenye kibao. Mjumbe wa Nairobi akavaa miwani akasoma kwa sauti mpaka saini. "Ogilby," akasema, "hii ndiyo kanuni unayotaka tuipitishe kwa nchi zote?"

"Ndiyo."

"Basi itabidi tuifuate."

Daktari akatazama madebe sitini na moja. "Hapa watu wako wapi?" akauliza. "Hakuna mtu mbele yangu!"

"Wapo, Bwana," alisema Bi Sitara. "Huyo jiwe jeusi ana mgonjwa. Huyo kigae anapika wali wa arobaini. Weka alama yako, uende ukapumzike kivulini. Debe litakushikia nafasi."

Daktari aliguswa mahali pabaya. Alikuwa ametumia siku tisa na kurasa sitini kuthibitisha jambo hili. "Debe," alisema, akitamka kila silabi, "haliwezi kumwakilisha mtu. Tutasimama wenyewe."

"Mtasimama wenyewe? Juani?"

"Wenyewe."

"Ama kweli hii ni elimu," akasema Bi Sitara. "Haya, lakini alama lazima."

Hakuwa na jiwe wala kanga. Alivua helmeti, akaiweka juu ya debe la ofisi, la sitini na mbili. Mabwana saba wakajipanga nyuma ya helmeti, na jua la saa sita likawashukia bila kuuliza cheo. Wapita njia wa Mnazi Mmoja walianza kusimama. Mmoja akauliza kuna mkutano gani, akaambiwa ni wazungu wanangoja zamu, akaenda kuita wenzake.

Bi Sitara hakuwa na roho mbaya. Maji yake alishayateka mapema, akawapelekea chai. Wakainywa. Mjumbe wa Unguja alisema hajapata kunywa chai kama ile. Bwana wa Entebbe alikuwa amefumba macho, amebana magoti, anaomba.

Ilipogonga saa saba, bwana wa Entebbe alifumbua macho. "Hapa tuko wangapi?"

"Saba," alisema Isidori.

"Basi ni akidi! Natoa hoja bahasha ifunguliwe, koki ifunguliwe, na lile bomba lisifungwe tena kamwe kwa sababu yoyote, hata ya kitaalamu!"

"Na ripoti?" Daktari akauliza. "Ajenda ya tatu mpaka ya sita?"

"Ipite! Yote! Kama ilivyo!"

"Isipokuwa hilo la kufunga bomba," alisema wa Nairobi, mtu makini, "na orodha zote zifuate hesabu ya mwisho iliyofanywa na Baraza, kama desturi."

"Ndiyo, ndiyo, desturi! Mikono juu!"

Mikono saba ikapanda juu ya Mnazi Mmoja, jambo lililomsaidia sana Mwinyimvua, aliyekuwa amesimama kando na daftari lake. Ilikuwa ni saa ya kuhesabu. Alihesabu madebe. Alihesabu wanaoteka. Akamwandika Bi Sitara: ana kazi, analihudumia Baraza. Kisha akawajia waliosimama bila kuteka, mmoja mmoja, kwa adabu, akaanzia kwa Daktari.

"Jina lako nani, Bwana?"

"Unajua jina langu, Mwinyimvua."

"Nimeamriwa niulize. Kazi?"

"Huoni? Nangoja maji!"

"Kwenu wapi?"

"Doseti! Uingereza! Ondoka mbele yangu!"

Mwinyimvua akaandika yote, kwa mwandiko mzuri. Daktari akaitoa bahasha mfukoni, ikapasuliwa pale pale, fundi akaitwa akakimbia na ufunguo, na mabwana nao wakakimbia kurudi Mchafukoge, bwana wa Entebbe akiongoza kwa mbali. Kwa haraka ile helmeti ikasahaulika juu ya debe.

Siku ya pili Isidori aliketi mbele ya mashine na daftari la Mwinyimvua ubavuni. Alisoma hesabu ya mwisho. Akaisoma tena. Akainuka, akagonga mlango wa Daktari.

"Bwana, hii orodha ya wazembe, afadhali uitazame kabla sijapiga."

"Ni hesabu ya mwisho?"

"Ndiyo, lakini..."

"Imefanywa kwa maagizo yangu?"

"Neno kwa neno, Bwana. Ila majina yake..."

"Isidori. Karani akianza kuchagua majina, hapo uchunguzi umekufa. Piga kama ilivyo, niletee nitie saini."

Isidori alifunga mlango taratibu. Akaenda akapiga kama ilivyo, na safari hii kidole hakikugoma kwenye herufi yoyote. Jina la Bi Sitara halikuwamo. Walikuwamo watu saba, wote wanaume wazima, wenye afya, waliokutwa katika bomba la Mnazi Mmoja kuanzia saa sita mpaka saa saba bila kuteka, kazi yao kungoja maji, wakanyoosha mikono. Kwao: Uingereza, isipokuwa mmoja, Uskoti. Pendekezo: warudishwe makwao kwa faida yao wenyewe.

Daktari akatia saini nakala zote sita. Hakuzisoma, alijua alichoandika. Kule Serikalini wakubwa nao hawakusoma, maana ripoti ya wataalamu haisomwi na asiye mtaalamu. Waliigonga muhuri, wakaandika pembeni kwa wino mwekundu: Itekelezwe.

Wiki ya sita zikaja bahasha saba, kila moja na tikiti ya meli ndani, daraja la tatu, kama walivyo wazembe wote. Daktari alipinga. Aliambiwa malalamiko yanakaribishwa kwa moyo mkunjufu, nakala tatu, kati ya saa nane na saa nane na nusu. Meli iling'oa nanga saa saba.

Bomba la Mtaa wa Sikukuu linatoa maji mpaka leo, siku linapotaka. Bi Sitara alirudisha meza yake ubavuni, na alfajiri yeyote anaweza kuliona debe lake la kwanza kwa mbali, maana alama yake si jiwe wala kanga, ni helmeti. Mbuzi wanaiogopa.

Mwaka haujageuka, likaja Baraza jipya na mtaalamu mpya, kijana, uso mwekundu, hajaunguzwa na jua sawasawa. Isidori ndiye aliyemleta bombani. Akasimama akatazama madebe yamejipanga, watu hakuna, na mbele kabisa ile helmeti.

"Hii ya nani?" akauliza.

"Ya mwenzio aliyekutangulia," alisema Bi Sitara. "Panga nyuma."